Robo Inchi kwa Siku

Jumamosi, Machi 1

Leo nimenunua nyumba. Naandika tena ili nijiamini: mimi, Loretha Gaines, mpishi wa shule ya msingi, miaka hamsini na tatu, leo nimenunua nyumba. Ni trela, nyumba ya bati inayoletwa na lori, futi kumi na nne kwa sitini, imekaa juu ya nguzo zake za matofali kando ya barabara ya changarawe. Aliyeniuzia ni Mzee Hosea Tubb. Tangu mkewe afariki amehamia kwa binti yake, kwenye ile nyumba ya tofali nyekundu hatua arobaini nyuma ya hapa.

Nimezaliwa kwenye trela, nimekulia kwenye trela, kwa hiyo hakuna wa kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Kila mtu wa huku Mississippi anajua trela inakaguliwa kwa milango. Nyumba ikizama upande mmoja, milango inagoma. Basi nikafungua na kufunga kila mlango mbele ya mwenyewe, mara mbili mbili. Yote minane ilifunga kwa kidole kimoja. Nikatoa pesa.

Mama atapata chumba cha dirisha la mashariki. Miaka miwili yuko makao ya wazee, na mwisho wa Aprili wanafunga jengo lote analokaa. Asiyekuwa na kwao atapelekwa upande wa Memphis, mwendo wa saa tatu. Mimi gari langu likifika kanisani nashukuru Mungu. Mama akipelekwa huko, nitamwona Krismasi na siku ya mazishi yake.

Jumapili, Machi 2

Ibada, kisha kuhamisha vyombo. Mgongo sina.

Jumatatu, Machi 3

Mkate wa mahindi umetoka mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Nikadhani nimemimina vibaya. Nikapika mwingine. Yale yale! Miaka ishirini na sita nawapikia watoto wa watu, sijawahi kutoa mkate wenye bega moja chini.

Nikaenda garini kuchukua pima maji, nikaiweka sakafuni. Povu likakimbilia upande wa barabarani, ule wa juu, na kuganda huko. Nikapima ukutani, nikapima bafuni, nikapima chumba cha Mama. Upande wa jikoni umezama inchi nne. Nne! Na milango yote inafunga kwa kidole kimoja.

Nikavuka uwanja mpaka kwa Mzee Hosea, aproni bado kiunoni. Alikuwa amekaa barazani na chai yake baridi.

"Mzee Hosea, umeniuzia mlima."

"Nimekuuzia trela, Bi Loretha."

"Imezama inchi nne!"

"Milango uliikagua mwenyewe. Nilikuzuia?"

"Kwa hiyo ulijua?"

Akanywa chai. Mzee wa miaka sabini na saba, anavaa tai kila Jumapili na kubeba sahani ya sadaka, ananitazama usoni na kunywa chai. Nilirudi nyumbani na hasira zangu.

Jumanne, Machi 4

Nimempigia fundi wa kunyanyua trela. Amesema baada ya mvua za mwaka huu nusu ya kaunti imezama, nafasi iko Juni. Nikamwambia Juni mama yangu atakuwa Memphis. Akasema pole.

Jumamosi, Machi 8

Nimemleta Mama kwa mchana mmoja ili aone chumba chake. Nilikuwa nimetandika shuka za njano anazozipenda. Cleotis, mdogo wangu, alinisaidia kumpandisha na kiti chake cha magurudumu. Tukamweka katikati ya jiko, mimi nikageuka kugeuza kambare kwenye mafuta, Cleotis akatoka kuvuta sigara. Breki ya kiti hatukufunga. Nani anafunga breki ndani ya nyumba?

Nilisikia magurudumu. Kiti kilikuwa kinakwenda chenyewe, polepole, Mama kashika mikono ya kiti na macho yamemtoka. Sikuwahi. Magoti yake yakagonga kabati la chini, paa.

Hakulia. Mama halii. Nilipiga magoti nikimkagua miguu, naye akawa anatazama ukuta.

"Loretha."

"Abee, Mama."

"Mimi nimefukuzwa na wenye mashamba mara nne. Nikiwa mdogo mara mbili, nikiwa na baba yako mara mbili. Vyombo vyetu barabarani, mvua inavinyeshea. Sasa nimezeeka nifukuzwe na sakafu?"

"Nitaitengeneza, Mama."

"Nirudishe."

"Mama, chakula hiki hapa..."

"Nirudishe, nimesema. Hapa sikai."

Alirudi bila kula. Cleotis ananiambia, "Dada, uza hiyo takataka, mwache Mama aende Memphis, kule kuna bwawa la kuogelea na mchezo wa bingo." Nikamwambia kwenye bingo aende yeye.

Jumatatu, Machi 10

Nimeonana na Bi Renfroe, msimamizi wa pale makao. Ni mwanamke wa maneno machache, na kila neno kaliandika mahali. Atakuja kukagua Aprili 29. Anataka njia ya mteremko ya kiti mlangoni na sakafu iliyo sawa. Nikamuuliza sawa kiasi gani. "Sawa," akasema.

Na Mama mwenyewe aseme atakaa. Hilo nalo limeandikwa kwenye fomu.

Basi nitainyanyua mimi.

Jumamosi, Machi 15

Cleotis kaleta jeki mbili na maneno gunia zima. "Dada, wewe umezoea kunyanyua sufuria." Nikamwambia sufuria zangu nzito kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya tangu azaliwe. Amecheka, ameniachia na spana pia.

Nimebandua kuta za plastiki za chini, nikaingia uvunguni kwa tumbo. Nguzo ishirini na mbili. Zile za upande wa jikoni zimemezwa na udongo, tofali la chini kabisa halionekani. Udongo wetu huu mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Nimelegeza mikanda ya chuma inayoifunga nyumba kwenye nanga zake ardhini, maana ukinyanyua nyumba iliyofungwa utapinda chuma. Hilo nalijua. Marehemu baba alilisema kila mwaka.

Jumapili, Machi 16

Nimekosa ibada, Mungu anisamehe. Nilipiga jeki kuanzia asubuhi. Nyumba ilipanda kwa kelele, inaguna kama ng'ombe anayezaa, na mimi nikapata kiburi. Inchi moja. Inchi moja na nusu! Nikajiambia kesho kutwa nimemaliza.

Ndipo nikasikia kioo cha dirisha la bafuni kikilia tah! Kisha maji yakaanza kunimwagikia mgongoni, bomba la jikoni limechomoka kwenye kiungo. Natambaa kwenye tope kutafuta valvu, na nani anapaza sauti kule barazani?

"Robo, Bi Loretha! Robo inchi kwa siku! Unazunguka nguzo zote, kisha unaiacha ilale!"

"Ungeniambia hivyo siku ya kuniuzia!" nikamjibu kutoka uvunguni.

Nikapata valvu, nikafunga maji. Nimefunga dirisha kwa kadibodi.

Jumatano, Machi 19

Bomba limetengenezwa. Robo inchi.

Alhamisi, Machi 20

Robo inchi. Kiwiko kimevimba.

Ijumaa, Machi 21

Mvua. Ukipiga jeki, jeki ndiyo inayozama. Nimekaa mezani natazama kuta. Zabibu ikidondoka bado inabingirika mpaka kwenye kabati.

Jumatatu, Machi 24

Mvua. Nimempelekea Mama keki ya viazi vitamu. Kala, kafuta mdomo, kauliza, "Sakafu yako imekuwaje?" Nikasema inapanda. Akasema, "Mm-hm."

Jumatano, Machi 26

Nimechimba chini ya nguzo tatu, nikatandika mbao nene zilizotiwa dawa ili jeki ipate pa kukanyaga. Robo inchi. Mzee Hosea yuko barazani kuanzia saa nane ninapotoka shuleni mpaka giza. Ananitazama kama anaangalia mpira. Ananikera huyu mzee, nashindwa hata kusema.

Ijumaa, Machi 28

Robo inchi.

Jumamosi, Machi 29

Robo inchi. Mlango wa bafu umeanza kugoma.

Jumanne, Aprili 1

Robo inchi. Mlango wa chumba cha Mama haufungi kabisa. Nyumba inanyooka, milango inaharibika! Nilisimama pale ukumbini nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kesho naung'oa niuone.

Jumatano, Aprili 2

Nimetoa pini za bawaba, nikaulaza mlango mezani. Kichwani umekatwa mshazari. Upande mmoja mfupi kwa zaidi ya nusu inchi, na umepigwa randa vizuri, laini, kazi ya mtu mwenye mkono. Na pale juu kabisa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki mlango ukiwa umesimama, kuna maandishi ya penseli. Tarehe. Oktoba 2017. Machi 2018. Machi 2019. Zinakwenda hivyo mpaka mwaka juzi, saba jumla. Pembeni ya nne kati ya hizo kaandika: Ludie hakuamka.

Nikang'oa mlango wa bafu. Nao umekatwa hivyo hivyo, lakini hauna maandishi.

Nikabeba ule mlango wa kwanza kichwani, nikavuka uwanja. Aliponiona alisimama, akavua kofia.

"Haya, Mzee Hosea. Nisomee."

Alikaa. Alipitisha kidole juu ya penseli.

"Mke wangu Ludie alikuwa na ugonjwa wa mifupa. Umejionea mwenyewe trela ikipigwa jeki inavyoruka. Mara ya kwanza niliinyanyua robo tu, naye yuko kitandani. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Nikaapa sitaigusa tena. Lakini nyumba haikuacha kuzama, na yeye alipenda mlango wake ufungwe, hakutaka watu wamwone vile. Basi nyumba ikishuka, mimi naifuata na randa. Nachomoa pini polepole, natoka nje nakata, narudisha. Nikiweza kumaliza bila yeye kuamka, naandika."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, yote nimeyapanga tangu jikoni. Yakaniishia. Lakini si yote.

"Na mimi je? Mama yangu kagonga magoti. Ungesema neno moja tu."

"Ningesema."

"Mbona hukusema?"

"Ulipokuwa unaikagua ile milango," akasema, "ulisema, 'Aliyeishi hapa aliitunza.' Nikapenda kusikia hivyo. Nikanyamaza. Nilikosa, Bi Loretha. Nimekaa hapa mwezi mzima nikitafuta namna ya kukuambia nilikosa."

Sikumwambia nimekusamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Nilimwambia aendelee kunywa chai yake. Mlango niliuacha kwake.

Alhamisi, Aprili 3

Saa nane na nusu nilimkuta amesimama uwanjani kwangu na mpira mrefu wa plastiki, ule unaoonyesha ndani, umejaa maji ya rangi nyekundu. Kofia kichwani.

"Hiyo pima maji yako fupi, inakudanganya," akasema. "Mpira huu unashika ncha mbili za nyumba. Maji hayajui kusema uongo. Ila wanatakiwa watu wawili."

"Unajua kushika?"

"Nilikuwa nashika kabla hujaota meno."

"Haya, shika. Ila usinipangie kazi."

"Sikupangii. Robo, ukianzia nguzo ya katikati."

"Mzee!"

"Nimenyamaza."

Kwa mpira wake tumegundua pembe ya nyuma iko chini kuliko nilivyodhani. Nimebakiwa na inchi moja na nusu.

Ijumaa, Aprili 4

Robo inchi, na mzee akiimba nyimbo za kanisa huku anashika mpira. Sauti hana.

Jumatatu, Aprili 7

Robo. Kaniletea glavu za marehemu Ludie. Zimenitosha.

Jumanne, Aprili 8

Robo.

Jumatatu, Aprili 14

Niko mzima na nyumba ipo.

Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, shuleni wakaruhusu watoto mapema. Simu zote zikalia: kimbunga kinaweza kushuka kaunti yetu kabla ya saa kumi na moja. Mtu wa trela hakai ndani ya trela siku kama hiyo, anakwenda kwenye chumba cha zege cha kanisa. Nilikuwa nimeshabeba mkoba. Ndipo nikakumbuka mikanda. Mikanda yote ya upande wa jikoni niliilegeza mwenyewe, na nyumba imesimama juu ya jeki na kabari. Upepo ukiingia uvunguni, nyumba yangu itakwenda kulala shambani kwa watu.

Nikatupa mkoba, nikachukua spana. Nimemaliza mkanda wa kwanza, nasikia mtu anakohoa kando yangu. Mzee Hosea, tumbo kwenye tope, miaka sabini na saba!

"Toka huko! Mwanao ataniua!"

"Mwanangu keshatangulia kanisani, anadhani naja nyuma yake. Kaza huo wa pili, mimi nashika nanga isizunguke."

"Mzee, utakufa hapa kwa ajili ya trela."

"Sifi. Kaza!"

Tulikaza minne. Mvua ya mawe ikaanza, inapiga bati juu yetu hata sikusikia anachosema, nikawa namsoma midomo. Mkanda wa tano spana iliteleza ikanichana kiganja. Wa sita ndio tuliomaliza king'ora kikilia. Nilimvuta kwa mshipi wa suruali mpaka garini, nikaendesha changarawe ikiruka. Kanisani binti yake alitupokea kwa kelele, sisi wawili weusi kwa tope mpaka kope, na mbele ya watu wote mzee akasema, "Bi Loretha alikataa kunisikiliza, kama kawaida." Watu walicheka na upepo huku unavuma nje. Mimi nililia. Sijui kwa nini nilianza kulia pale, lakini nililia sana.

Kimbunga kilipita maili sita kusini. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama palepale. Nimemwambia mzee usiku mwema, na nimemwambia yaliyopita yamepita. Nimeyasema kwa mdomo na kwa moyo.

Jumanne, Aprili 15

Pembe ya nyuma imeshuka tena nusu inchi. Haki ya Mungu nilikaa chini kwenye matope na kutukana. Wiki mbili zimebaki.

Lakini leo tumeona sababu. Maji yote ya paa yanamwagikia pembe ile ile, na mashine ya ubaridi nayo inadondokea hapo hapo. Miaka yote hiyo udongo unanyweshwa. Kunyanyua bila kuyaondoa maji ni kujichosha.

Jumamosi, Aprili 19

Siku nne nachimba mtaro. Cleotis kaja leo, kasimama, katazama mikono yangu, kavua koti bila mzaha hata mmoja. Tumefunga mfereji wa bati pembezoni mwa paa, maji yanakwenda mpaka barabarani. Jioni aliniuliza kama kweli Mama atakubali. Nikasema sijui. Ni kweli sijui.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Leo nimekwenda ibada. Mama kavaa kofia yake ya zambarau.

Jumatatu, Aprili 21

Robo inchi.

Jumanne, Aprili 22

Robo.

Jumatano, Aprili 23

Robo. Mvua imenyesha saa nzima, pembe ya nyuma haikushuka hata unywele.

Alhamisi, Aprili 24

Robo.

Ijumaa, Aprili 25

Robo ya mwisho. Mimi nimeshika ncha ya mpira upande wa jikoni, mzee upande wa barabarani, kila mmoja na alama yake ya penseli ukutani.

"Yako?" nikaita.

"Kwenye alama. Yako?"

"Kwenye alama."

"Tazama tena."

Nilitazama mara tatu. Nikakaza mikanda yote, nikapachika kabari kwa nyundo, nikatoa jeki. Cleotis yuko mlangoni anamalizia njia ya kiti.

Jumanne, Aprili 29

Bi Renfroe alikuja na kiti kitupu cha magurudumu. Nilidhani atatoa kipimo. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti, mkoba mapajani, katikati ya jiko, akafungua breki, akanyanyua miguu. Tukasubiri. Dakika nzima mwanamke yule kaning'iniza viatu vyake hewani. Akashusha miguu, akaandika neno moja. Nilichungulia. Kaandika: Sawa.

"Limebaki neno la mama yako," akasema. "Kesho saa sita."

Jumatano, Aprili 30

Mzee Hosea aligonga mapema, mlango mgongoni. Mlango mpya wa chumba cha Mama, pembe zake nne za mraba, kaupiga randa wiki nzima bila kuniambia. Aliupachika, akaufunga kwa kidole kimoja, akanitazama. Nikaufungua, nikaufunga. Kisha nikaweka pima maji juu ya mlango, mbele ya mzee, kwa makusudi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama alifika saa sita na robo. Hakusalimia mtu. Cleotis akamsukuma mpaka katikati ya jiko, palepale pa siku ile, akafunga breki. Mama akatazama kabati. Akatazama sakafu. Bi Renfroe kasimama na fomu yake. Mzee Hosea kavua kofia.

"Sogeeni," Mama akasema. "Wote."

Tukasogea. Akainama, akafungua breki ya kushoto. Akafungua ya kulia. Akaondoa mikono kwenye magurudumu, akaipakata. Nilisikia saa ya ukutani, na mkate wa mahindi ukianza kunukia kuungua, na sikuthubutu kwenda kuutoa. Kiti hakikuenda popote.

Mama alikaa hivyo kwa muda mrefu sana. Kisha akanyoosha mkono kwa Bi Renfroe. "Lete kalamu."

Mkate niliutoa umebabuka kidogo pembeni, lakini unene ni mmoja pande zote. Nilimkatia Mama kipande cha kwanza, na sukuma wiki na kambare. Akatafuna, sote tunamtazama.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Miaka miwili nimeishi bila kuambiwa hivyo jikoni kwangu. Nikamsogezea chumvi.